Ulinganisho: stendi ya kawaida, traka au darubini kwa picha za anga la usiku?

Mpenda_Anga

Ndugu wanajukwaa, ninayo kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na lenzi mbili, ya milimita 24 na ya milimita 135. Ninataka kupiga picha za Njia Nyeupe, galaksi ya Andromeda na nebula (wingu la gesi na vumbi angani) kubwa ya Jabari (M42). Naona njia tatu: kubaki na stendi ya miguu mitatu na kurundika picha nyingi fupi kwa programu, kununua traka, yaani kiweko kidogo chenye mota kinachoizungusha kamera sambamba na mwendo wa nyota, au kuingia moja kwa moja kwenye darubini na kiweko chake kizito. Naomba mnilinganishie kwa hoja, kwa kuwa fedha itatosha njia moja tu.

Jicho_la_Bundi

Ndugu Mpenda_Anga, tuanze na mwendo wa Dunia, maana ndio unaoamua karibu kila kitu hapa. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na kwa sababu hiyo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) husogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 za nyuzi moja). Ikiwa pikseli za sensa yako zina upana wa mikroni 4, kwa lenzi ya milimita 24 kila pikseli hubeba takriban sekunde 34 za tao. Kanuni ya 500, ambayo wengi hufundishwa mwanzoni, husema ugawe 500 kwa urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) ili upate muda wa kuacha shata wazi; kwa lenzi hiyo jibu ni kama sekunde 20, lakini katika muda huo nyota huwa imevuka karibu pikseli 9, na ukiikuza picha utaona vistari badala ya nukta. Kwa maoni yangu sekunde 5 hadi 8 zinafaa zaidi, kisha upige picha nyingi na kuzirundika: idadi ikiongezeka mara nne, chengachenga (vidoa vya nasibu vinavyochafua picha) hupungua kwa nusu.

Kwa Njia Nyeupe, basi, stendi uliyonayo inatosha. Kwa lenzi ya milimita 135 hali ni tofauti kabisa, kwa sababu nyota huvuka pikseli mbili na nusu kila sekunde, na picha za nusu sekunde hukusanya mwanga kidogo mno hata chengachenga za usomaji wa sensa huufunika. Hapo ndipo traka inapostahili fedha yake.

Zohali7

Sikubaliani kikamilifu na Jicho_la_Bundi. Nebula ya Pete (M57) haifiki hata dakika 2 za tao (yaani sekunde 120 za tao) kwa upana, na kwa lenzi ya milimita 135 itachukua pikseli zisizozidi 15. Sayari ndiyo kabisa: Mshtarii, hata ikiwa karibu nasi, ina kipenyo cha sekunde 50 hivi za tao, sawa na pikseli 8. Anayetaka vitu vidogo hana budi kuwa na darubini, na kwa sayari atarekodi video fupi na kuchagua fremu zilizotulia, maana hewa hutikisika na Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10.

Jicho_la_Bundi

Hoja ya Zohali7 ni sahihi kwa vitu alivyovitaja, lakini muulizaji hakuvitaja. Andromeda ina urefu wa takriban nyuzi 3, sawa na miezi mipevu sita ikipangwa mstari mmoja, ilhali darubini ya fokasi ya milimita 1,000 huonyesha nyuzi 2 tu upande mrefu wa sensa yako, kwa hiyo galaksi yenyewe haitatoshea ndani ya fremu. Zaidi ya hayo, darubini hukuza makosa ya kiweko pamoja na kitu kinachotazamwa: hitilafu ya sekunde 5 za tao haifiki pikseli moja kwa milimita 135, lakini kwa milimita 1,000 inatapakaa kwenye pikseli 6, na mtu analazimika kuongeza kamera ya kuongoza (ya pili, inayofuatilia nyota ili kusahihisha kiweko) na kompyuta ya kuiendesha. Huo ni mzigo mkubwa kwa anayeanza.

Kilimia_Juu

Naomba niongeze jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka. Traka haifanyi kazi sawasawa mpaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Upande wa kaskazini ipo Nyota ya Kaskazini, iliyo chini ya nyuzi moja kutoka kwenye ncha. Upande wa kusini ipo Sigma Octantis, ambayo ni hafifu kiasi kwamba mwanga mdogo wa mji huifuta. Aliye karibu na ikweta huikuta ncha kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na nyumba. Kwa hiyo chagua traka inayoweza kuelekezwa kwa msaada wa programu inayotambua nyota kwenye picha za kamera.

Mpenda_Anga

Nawashukuru sana. Ninaelekea kwenye traka. Je, kichujio cha kuzuia mwanga wa mji kinahitajika tangu mwanzo?

Kilimia_Juu

Kwa Andromeda hakitakusaidia sana, kwa kuwa mwanga wa galaksi ni wa nyota na umeenea katika rangi zote, sawa na ule wa taa za LED. Kwa nebula ya Jabari kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba tu wa mwanga mwekundu wa hidrojeni, wa nanomita 656, huleta tofauti kubwa, ila kamera nyingi za kawaida zina kioo mbele ya sensa kinachopunguza mwanga huohuo. Kabla ya kununua chochote cha ziada, safiri mbali na taa wakati mwezi haupo angani, ulenge nyota angavu kwanza ili kupata fokasi kamili, na uhifadhi picha zako kama faili ghafi (RAW).