Naomba ushauri: mdogo wangu anataka cheti cha udereva wa abiria bila kukaa darasani

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana leseni daraja B na miaka miwili ya kuendesha gari dogo hapa Dar. Sasa ameahidiwa kazi ya Coaster ya kwenda mikoani, ila tajiri anataka awe na cheti cha kuendesha abiria. Kuna mtu amemwambia alete hela, cheti kitatoka bila kukanyaga chuoni. Mama naye ananisihi nimchangie ili kazi isimpite.

Mimi moyo unakataa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo na vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha kozi hiyo, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nao huwapima madereva wa biashara, kwa hiyo njia halali ipo. Huyu kijana hajawahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa na gari lililojaa. Hajui kwamba mlimani unashuka kwa gia nzito (namba ndogo), kwani ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kugoma. Siku breki zikigoma, atawaambia nini abiria thelathini?

Hata leseni ya kawaida naona tunaitoa kirahisi mno. Yeye alijifunza wiki tatu, zote mchana, barabara kavu, hajaendesha kwenye mvua wala usiku.

Waliosoma kozi ya abiria, ilichukua muda gani na ada ilikuwaje? Na nimwambieje mama anielewe bila kuonekana namwonea wivu mdogo wangu?