Naomba ushauri: mzee anataka robo ya biashara ili anilee

Habari za leo wakuu. Nasaga siagi ya karanga nyumbani Mbagala, mwaka wa tatu sasa. Nauzia maduka ya mtaani na wateja wawili wa jumla Kariakoo. Mauzo yapo ila hela siioni. Bei nilikuwa napanga kwa kuchungulia ya mwenzangu, basi.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa siku nyingi, alinikalisha chini tukapiga hesabu ya kopo moja: karanga, gesi ya kukaangia, kopo lenyewe, lebo, hadi nauli ya bodaboda. Kumbe la nusu kilo nauza kwa hasara! Ndiye pia aliyenielekeza SIDO, shirika la viwanda vidogo, nipate barua ya kupeleka TBS, shirika la viwango, kuombea alama ya ubora. Yote hayo jioni moja tu.

Sasa yuko tayari kunilea kibiashara, ila anataka robo ya umiliki. Namheshimu kama baba, lakini robo, jamani?

Mliowahi kuwa na mlezi wa biashara, mlilipana vipi? Mliandikishana? Nikitaka kumpa asilimia ya faida kwa muda badala ya umiliki, namwambiaje bila kumvunjia heshima?