Mac au kompyuta ya kuunga mwenyewe kwa gemu? Niko Lubumbashi, nina dola 850

Mwana wa Katuba

Habari zenu ba yaya na ba ndugu. Niko hapa Lubumbashi, Katuba. Kazi yangu ni montaji ya video za harusi na za kwaya, na usiku tunacheza gemu na mdogo wangu wa miaka 16. Mashine tuliyo nayo ni laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Tukifungua GTA V inanguruma kama kinu cha kusaga, picha inakwama, na mpira wa EA FC ndiyo hata haufunguki.

Nimejinyima miezi 14 mpaka nikafikisha dola 850. Sasa niko njia panda. Binamu yangu anarudi kutoka Johannesburg mwezi ujao, anasema anaweza kuniletea MacBook Air ya M1 iliyotumika, ile laptopu ya Apple, au Mac mini mpya ya M4, ile ndogo ya mezani. Rafiki yangu mwingine anasema nisiguse Mac, ninunue vipande kimoja kimoja na kuunga kompyuta ya mezani.

Nikisema kweli, moyo wangu uko kwenye Mac. Niliifanyia kazi siku tatu kwenye studio moja hapa mjini, ikaenda kama maji. Lakini mdogo wangu ananiuliza kila siku, "Yaya, itacheza?" na sina la kumjibu. Gemu zetu ni EA FC, GTA V, Counter-Strike 2, na Valorant ambayo ana hamu nayo sana. Umeme mnaujua wenyewe, unakwenda na kurudi. Nyumbani tuna pano ya jua na betri moja ya volti 12, 200Ah. Mnanishauri nini?

Mlinda Lango

Mdogo wangu, anzia kwenye gemu, mashine itafuata. Umetaja nne, na hakuna hata moja utakayoipata kwenye Mac. EA FC ni ya Windows na konsoli. GTA V haijawahi kutolewa kwa Mac. Counter-Strike ya zamani ilikuwepo, ila Counter-Strike 2 ilipotoka mwaka 2023 Valve, watengenezaji wake, waliiacha Mac nje. Valorant, kwenye kompyuta, ni Windows tu. Kwa hiyo ukimletea mdogo wako Mac, jibu la swali lake ni hapana, mara nne.

Dada wa Montaji

Mlinda Lango, nakuheshimu, lakini usimfanye kijana aione Mac kama mashine ya ofisini tu. Tangu Apple waache chipu za Intel na kuleta M1 mwishoni mwa 2020, mambo yamebadilika. Baldur's Gate 3 ipo. Resident Evil Village ipo. Cyberpunk 2077 ilifika kwenye Mac mwezi wa saba 2025. Minecraft inacheza vizuri.

Na hapa kwetu tuhesabu umeme kwanza. Mimi niko Kampemba, nafanya kazi kama ya kwako, na nina hiyo hiyo Air ya M1. Haina feni ndani, chaja yake ni ya wati 30. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa natoa video ya ndoa ya saa mbili, mvua ikaanza, radi moja, mtaa mzima giza. Nilisikia majirani wakilalamika huku mstari wa bluu kwenye kioo changu ukiendelea kusogea pole pole: asilimia 61, 62. Asubuhi mama wa bibi harusi alichukua flashi yake. Kompyuta ya mezani ingenilaza pale pale. Mdogo wangu, mkate wako ni montaji. Gemu hazilipi kodi ya nyumba.

Kuna pia programu ya CrossOver inayofungua gemu za Windows kwenye Mac. Nimeona watu wanaitumia.

Mlinda Lango

Dada, hapo kwenye umeme umesema haki, sina ubishi. Lakini CrossOver haitamsaidia kwa mbili kati ya gemu zake. EA FC na Valorant zina walinzi wa kuzuia udanganyifu wanaoingia mpaka kwenye kiini cha Windows. Wasipokikuta, gemu inakataa kufunguka. Zamani, kwenye Mac za Intel, ungeweza kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp. Kwenye M1 mpaka M4 njia hiyo haipo tena. Kadi ya grafiki ya nje, kile kipande kinachochora picha za gemu, nayo hazikubali. Kucheza kwa kukodi mashine ya mbali kama GeForce NOW wanataka angalau megabiti 15 kwa sekunde, tena zisizoyumba. Kwa mega tunazonunua hapa utacheza dakika kumi mfuko utoboke.

Fundi wa Kamalondo

Nimesoma yote. Mimi natengeneza kompyuta, nauza jasho langu tu, sina duka la kusifia.

Kijana, kwa gemu ulizotaja unga mashine yako. Prosesa Ryzen 5 5600, RAM ya GB 16 ya DDR4 kwa vipande viwili vya GB 8 (usichukue kimoja cha 16, viwili vinapitisha data kwa njia mbili na gemu inahisi), SSD ya NVMe (diski ya kasi), na kadi ya grafiki RX 6600 ya GB 8. Ukipata vingine vilivyotumika hakuna aibu, mradi muuzaji awashe mbele yako na gemu icheze nusu saa bila kuzimika. Kadi mama (ubao unaobeba vipande vyote) yenye tundu la prosesa la AM4 ina faida: kesho ukipata pesa unang'oa prosesa na kuweka yenye nguvu zaidi bila kubadilisha vingine. Mac ukiinunua na RAM ya GB 8 utazeeka nayo na hizo GB 8, hakuna fundi wa kukuongezea.

Jambo moja ulijue: hiyo 5600 haina grafiki ndani yake. Kadi ikikataa hutaona picha yoyote. Pesa ikikubana, anza na 5600G ambayo inayo, cheza Valorant na Counter-Strike kwa picha za chini, kadi itafuata. Ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ndogo kuliko ya 5600, lakini itakutoa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye kisanduku cha umeme, kile tunachokiita alimantasyo. Hapo ndipo vijana wa mji huu wanalilia. Mwezi uliopita mtu aliniletea mashine iliyokufa siku umeme uliporudi kwa kishindo. Alimantasyo imeandikwa wati 650. Niliipima kwa mkono tu, nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Nilipoifungua, nyaya zake nyembamba kama za redio, na pale panapopaswa kuwa na koili za kuchuja umeme pana matundu matupu kwenye ubao, hawakuziweka kabisa. Kondensa zimevimba vichwani, moja imepasuka na kumwaga maji ya kahawia. Iliondoka na kadi mama na SSD yenye picha za miaka mitano. Alikuwa ameokoa dola 25. Tafuta ya wati 550 ya kweli, nzito mkononi, na mbele yake weka regulateri ya kutuliza umeme.

Tena vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za kwanza, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Mashine nikiifungua baada ya kiangazi kimoja, feni ina utando mgumu kama makoko ya bukari chini ya chungu. Chagua kasha lenye wavu mbele, liweke juu ya meza, pulizia kila mwezi huku umeshika feni kwa kidole isizunguke.

Mwana wa Katuba

Aksanti sana ba yaya. Dada wa Montaji maneno yako yameniingia, kwa sababu mimi pia niliwahi kupoteza kazi ya usiku mzima umeme ulipokatika. Fundi, betri yangu itabeba hiyo mashine kwa muda gani?

Fundi wa Kamalondo

Piga hesabu nami. Volti 12 mara 200 ni wati-saa 2,400. Kama ni betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Unabaki na 1,200. Inveta nayo inakula sehemu, weka 1,000. Mashine ya 5600 na RX 6600 ikiwa kwenye gemu, pamoja na kioo, inavuta kama wati 270. Hiyo ni saa tatu na nusu hivi, betri ikiwa nzima na imejaa. Kwenye montaji inavuta pungufu, itasogea zaidi. Inveta iwe ya wimbi safi, inayotoa umeme laini kama wa gridi. Na hiyo Mac mini uliyotaja, Apple wenyewe wanasema haizidi wati 65. Betri hiyo hiyo ingekaa nayo siku nzima. Lakini haina betri ndani, umeme ukikatika inazima kama nyingine yoyote. Pia inakuja bila kioo, kibodi wala mausi. Bei yake ilipotoka 2024, dola 599 za Marekani, si mwisho wa safari.

Baba Pacha

Niongeze moja. Uliza marafiki zako wana mashine gani. Sisi huku Ruashi tuko watano, wote Windows. Call of Duty peke yake inapita GB 100, nani ataishusha kwa mega? Mmoja anashusha, wengine tunabeba mashine kwake, tunaunga waya wa mtandao, na Steam, lile duka la gemu za kompyuta, yenyewe inahamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila kuishusha upya kwenye intaneti. Ukiwa na Mac mafaili ya gemu za Windows hayakusaidii.

Dada wa Montaji

Fundi, hesabu yako imenituliza. Saa tatu na nusu zinatosha kumaliza kutoa video na kuzima kwa adabu. Mwana wa Katuba, basi unga mashine yako, ila niahidi kitu: inveta na betri viunganishwe kabla ya kufungua gemu ya kwanza. Na kazi za wateja uweke nakala kwenye diski ya nje.

Mwana wa Katuba

Nakuahidi, dada. Leo asubuhi nimemwandikia binamu: aache Mac, aniletee RX 6600 na SSD ya TB 1 kwenye begi la mkononi, zisipite chini ya mizigo pale mpakani Kasumbalesa. Vingine nitavitafuta hapa. Kioo tutatumia televisheni ya sebuleni kwanza, mama amekubali mpaka saa mbili usiku.

Mdogo wangu nilipomwambia hakusema kitu, alitoka nje. Nimemkuta anapiga randa mbao za kupanua meza.

Fundi, kuna alimantasyo nimeionyeshwa mjini, imeandikwa wati 550, sijalipa bado. Jumamosi saa nne naweza kuja nayo Kamalondo uishike mkononi?

Fundi wa Kamalondo

Njoo saa tatu, kabla wateja hawajajaa. Umwambie muuzaji akukubalie kuirudisha, na mdogo wako uje naye.