Naomba ushauri: nimeambiwa niongeze kinga ya mwili ili isafishe mishipa ya moyo

Mpangaji wa Tabata (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 41, na marehemu baba yangu alifariki kwa shambulio la moyo akiwa na miaka 52, jambo lililonifanya mwezi uliopita nipime damu ingawa sina maumivu yoyote. Majibu yalionyesha lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani LDL, ikiwa 4.3, na kipimo kiitwacho CRP, cha kuonyesha kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi, kikiwa 14. Aliyenikabidhi karatasi hakunieleza lolote zaidi ya kunitaka nirudi kumwona daktari nikipata nafasi. Kazini yupo mwenzetu anayeuza virutubisho, naye ananisihi ninunue kopo la shilingi 180,000, kwa maelezo kwamba kinga ikiimarishwa, seli nyeupe za damu zitaingia kwenye mishipa na kuyala mafuta yote. Wakati huohuo nimesoma kwamba seli hizohizo zinashiriki kuanzisha ugonjwa. Je, kinga niiongeze au niipunguze?

Bibi Mkunga Mstaafu

Mwanangu, kopo liache kwanza. Umefiwa na mzazi kwa ugonjwa huu akiwa bado kijana, na LDL yako iko juu. Hayo mawili yanatosha kukupeleka kliniki wiki hii, wala usingoje hiyo nafasi.

Mwalimu wa Baiolojia, Ubungo

Mleta mada, muuzaji amekueleza nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Seli nyeupe kweli huingia kwenye ukuta wa ateri na kula mafuta. Tatizo ni kwamba nyingi hazitoki tena.

Mambo huanza pale chembe za LDL zinapozidi damuni, zikapenya utando laini wa ndani wa ateri, hasa kwenye kona na panda ambako mkondo wa damu huyumba, kisha zikanasa humo na kubadilika kikemikali. Utando ukishaudhika huotesha molekuli za kunasia, mfano wa ndoana, zinazozidaka seli nyeupe aina ya monositi zikiwa zinapita na damu. Monositi zikizama ukutani hukomaa na kuwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kula takataka. Seli ya kawaida ikipata lehemu ya kutosha hupunguza milango ya kuipokelea, lakini milango ambayo makrofaji hutumia kumeza LDL iliyoharibika haipungui kwa shibe, kwa hiyo huendelea kula mpaka zijae matone ya mafuta na kuonekana kwenye hadubini kama povu. Hizo ndizo seli za povu, na zikikusanyika hufanya michirizi ya mafuta ambayo ni hatua ya mwanzo kabisa ya ugonjwa. Ni kama gari la taka lililoingia uchochoro wa Manzese, likajaa, likashindwa kugeuza, na dereva bado anapiga honi kuita mengine, kwa maana makrofaji zilizokwama hutoa kemikali za kuita wenzao.

Wapo pia limfositi T, aina nyingine ya seli nyeupe, ambao baadhi yao huchochea vurugu hiyo na wengine huituliza. Ukisema “naongeza kinga”, sijui unamwongezea nguvu nani kati yao. Na usijipime kwa kutosikia maumivu. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya kuchunguza mioyo ya askari 300 waliouawa Korea, wenye wastani wa miaka 22 hivi, na zaidi ya robo tatu walikutwa na ugonjwa kwenye ateri za moyo.

Kijana wa Mbagala

Kwa maelezo hayo, si apewe dawa ya kupunguza kinga yaishe?

Mfamasia wa Zamu

Limejaribiwa, ndugu yangu. Utafiti wa CANTOS, uliotolewa mwaka 2017, ulihusisha watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa 2 au zaidi. Sindano ya kanakinumabu, inayozuia interleukini-1 beta, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe, ilipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 15 katika dozi ya miligramu 150 bila kuishusha LDL, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo. Mwaka uliofuata yalitolewa majibu ya jaribio la methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ya dozi ndogo kwa lengo hilohilo, nayo haikufaa. Katika jiji lenye kifua kikuu kama hili letu, kuichezea kinga ya mtu ambaye hata hajaugua ni hatari isiyo na sababu. Kinachofanyika ni kuondoa kinachoziita seli hizo: LDL ishuke, kwa statini (dawa ya kushusha lehemu) ikiwa daktari ataona inafaa, presha idhibitiwe, na sigara iachwe.

Anayetumia ARV

Hili linanihusu na mimi?

Mfamasia wa Zamu

Linakuhusu sana. VVU huiacha kinga ikiwa imeamshwa muda wote hata dawa zikifanya kazi vizuri. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliohusisha pia Uganda na Botswana, ulionyesha kuwa pitavastatini, mojawapo ya statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU wa miaka 40 hadi 75. Mwulize daktari wako wa kliniki.

Fundi Maabara, Temeke

Mmeipita CRP ya 14. Tunapokadiria hatari ya moyo tunatumia kipimo cha CRP chenye usikivu mkubwa, ambapo chini ya 1 ni nafuu na juu ya 3 ni hatari kubwa. Ikivuka 10, mara nyingi kuna maambukizi au jeraha mahali fulani. Uliugua wiki ile?

Mpangaji wa Tabata (mleta mada)

Nilikuwa nimesahau kabisa: siku tatu kabla ya kupima niling’olewa jino lililokuwa na usaha. Jumamosi naenda kliniki, nitaomba CRP irudiwe na niulize kuhusu statini, kwa kuwa hiyo 4.3 haikuletwa na jino. Kopo nimemwambia mwenzangu abaki nalo. Nitawachukua na wadogo zangu wawili, maana baba yetu ni mmoja.