Mafundi wa Mwanza, nani aliwaomba mtuwekee hizi programu za kusafisha kompyuta?

Wakuu, nimechoka na leo nasema. Kompyuta ya steshenari yangu hapa Nyegezi ilikuwa na shida moja tu, kiboodi. Nikaipeleka kwa fundi mjini, nikalipia kiboodi. Imerudi na kiboodi kipya, sawa, pamoja na antivairasi mbili za kreki (za wizi, zisizolipiwa) na programu ya kusafisha ambayo kila nikiwasha inanitolea kibango chekundu: matatizo zaidi ya elfu moja yamegunduliwa, lipia turekebishe. Wanafunzi wamejaa na ripoti zao za fildi, Word inafunguka kwa kujikongoja, mimi nahangaika kufunga kibango. Nampigia fundi, eti "bosi, hiyo nimekuongezea tu, ulinzi". Ulinzi gani?

Nimeifungua orodha ya hayo matatizo. Vidakuzi vya brauza, mafaili ya muda, na mabaki ya programu zilizofutwa zamani kwenye rejista, yaani daftari ambamo Windows inatunza mipangilio yake. Yale mabaki hayapunguzi kasi yoyote ya kuonekana kwa macho. Microsoft wenyewe hawaziungi mkono programu za kusafisha rejista, maana ikifutwa isiyotakiwa Windows inaweza kugoma kuwaka na ukaishia kupiga Windows upya. Na kashe, yaani nakala za kurasa ambazo brauza inajiwekea, wanayoifuta kwa mbwembwe ndiyo inayosaidia ukurasa uliokwisha kuufungua usishushwe wote tena. Sisi wa bando la simu, huo "usafi" unakula MB zetu.

Hizo antivairasi mbili ndiyo balaa. Kila faili ninalogusa zote zinalikimbilia kulikagua, diski inapanda asilimia 100, mashine inaganda mteja amesimama. Halafu tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, inakuja humo humo bure, ila ukiweka antivairasi nyingine inajizima kuipisha. Yaani fundi kamwondoa mlinzi halali akaniwekea wa magendo asiyepata hata apdeti. Na kreki nyingi zinakuagiza uzime ulinzi ndipo uziweke! Jamani.

Jirani yangu anayetunza hesabu za dagaa pale Kirumba yamemkuta hayo hayo, na fundi wake ni mwingine kabisa. Kwa hiyo ni mchezo.

Msije na "lakini ni kampuni kubwa". Mwaka 2017 CCleaner, programu maarufu ya kusafisha, toleo la 5.33 lilitoka kwa wenyewe likiwa na kirusi ndani, likafika kwa watu takriban milioni 2.27. Avast, kampuni ya antivairasi iliyokuwa imemnunua mtengenezaji wake mwaka huo huo, mwaka 2024 walibanwa na FTC, tume ya biashara ya Marekani, walipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wao walizitembelea.

Ofisi kubwa yenye mtu wa IT inunue inachotaka, sina ugomvi nayo. Na utakayesema steshenari inapokea flashi chafu: ndiyo, tena zile zinazogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Bofya kulia, skani kwa Defender kabla hujafungua. Diski ikijaa, Windows ina Storage Sense ya kufuta mafaili yasiyohitajika, iko kwenye mipangilio, haidai hata shilingi.

Mafundi mliomo humu, jibuni bila kuzunguka: mteja kaleta kiboodi, hizo programu mnamwekea kwa ruhusa ya nani, na mnapata nini?