Mpwa wangu anauliza kwa nini Mungu alituumba, mama yake anataka asomewe. Naombeni ushauri

Mjomba wa Mchinga:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mchinga, hapa Lindi. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 16, kidato cha tatu. Kwetu Wamwera mnajua, mambo ya mtoto yakichafuka anaitwa mjomba hata kama baba yupo. Basi nimeitwa.

Shuleni waligusia habari za Tendaguru, kile kilima cha huku kwetu ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dainosa, kuanzia 1909 mpaka 1913. Kijana akatoka na swali, akalipeleka madrasa: kama Mungu hahitaji chochote, alituumba ili iweje? Na kama dunia ni kwa ajili ya binadamu, wale wanyama wa miaka milioni 150 iliyopita walikuwa wanamsubiri nani? Ustadhi akamwambia hilo ni swali la shetani, akae kimya. Kijana kaacha kwenda madrasa. Sasa dada anasema mtoto kaingiliwa, anataka tumpeleke akasomewe.

Mimi simwoni kama mgonjwa. Anakula, anasali, salfa kwenye mikorosho anapulizia bila kusukumwa. Ila jioni anang'ang'ania simu yangu kutafuta majibu, na huko mitandaoni sijui anakutana na nani.

Elimu yangu ni darasa la saba na juzuu amma, ile ya mwisho ya Kurani. Naombeni mnisaidie mawili: huko kusomewa kuna haja? Na swali lenyewe, kijana kama huyu anajibiwaje bila kudanganywa?

Salfa Mbili:
Mpe heka mbili apalilie. Swali litakwisha lenyewe.

Mjomba wa Mchinga:
Kapalilia tatu. Amerudi na swali la pili.

Mwalimu Pembeni:
Mjomba, salaam. Nafundisha watoto hapa Mikindani, kwa hiyo naanza na wenzangu. Wa kwanza kuuliza swali linalofanana na la kijana wako walikuwa malaika. Someni Al-Baqara aya ya 30. Mwenyezi Mungu anawaambia anaweka khalifa katika ardhi, nao wanauliza: utaweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu, na hali sisi tunakutakasa? Hawakulaaniwa. Waliambiwa kwamba Yeye anayajua wasiyoyajua, kisha Adam akafundishwa majina na wao wakaonyeshwa. Aliyelaaniwa ni Iblis, na kosa lake halikuwa kuuliza, alikataa kusujudu.

Dua msomeeni, dua haina hasara, hata mimi nasomewa. Ila asipelekwe kama mtu mwenye pepo. Mtoto akishaambiwa akili yake ni ugonjwa, atatafuta wanaomwambia ni mzima, na hao hutajua wanamfundisha nini.

Sasa swali lenyewe. Wengi watamtajia Adh-Dhariyat aya ya 56, kwamba majini na watu wameumbwa wapate kumwabudu Mungu, halafu wanafunga msahafu. Kijana mwenye akili atauliza palepale: kwani anahitaji kuabudiwa? Msifunge. Aya inayofuata inasema hataki kwao riziki wala hataki wamlishe. Ibada, faida yake inabaki kwa mja.

Ukipita hapo, wanazuoni wenyewe waligawanyika makundi matatu, na ni vizuri kijana ajue hivyo. Mu'tazila walisema ni lazima Mungu atende kwa lengo lenye maslahi kwa viumbe. Ash'ari wakalikataa hilo la lazima, wakasema anayetenda ili afikie lengo ana upungufu anaoujaza, na Mungu hana upungufu. Anaumba kwa kutaka kwake tu. Maturidi wakasema hekima ipo katika kila tendo lake, lakini hakuna haja inayomsukuma. Sisi Mashafii wa pwani tumelelewa zaidi na Ash'ari. Mimi moyo wangu uko kwa hao wa mwisho, msiniripoti msikitini.

Atakutana pia na yale maneno kwamba Mungu alikuwa hazina iliyofichika, akapenda ajulikane, ndipo akaumba viumbe. Watu wa tarika, yaani masufi, wanayapenda sana. Mwambieni mapema kwamba wataalamu wa hadithi wamesema hayana sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, ya kufika kwa Mtume, asije akadhani amegundua jambo tulilomficha.

Na mijusi isiwatishe. Sura ya Al-Insan inaanza kwa kukumbusha kwamba ulimpitia mwanadamu muda mrefu ambao hakuwa kitu cha kutajwa. Ghafir aya ya 57 inasema kuumba mbingu na ardhi ni kukubwa kuliko kuumba watu. Nani alituambia tulikuwepo akilini mwa kila kilichotangulia?

Korosho Ghafi:
Mwalimu, hapo umeruka kitu. Aya moja nyuma ya hiyo ya malaika, ya 29, inasema ameviumba kwa ajili yenu vyote vilivyomo katika ardhi. Vyote. Mijusi imo.

Mwalimu Pembeni:
Imo, na wewe leo unafaidika nayo, inakufikirisha. Kuwa na fungu lako katika kitu hakumaanishi kitu hicho hakina sababu nyingine. Lakini umenibana vizuri.

Binti wa Masasi:
Shikamoo mjomba. Mimi ni Mkristo, Mwanglikana, hivyo upande wa aya nawaachia wenyewe. Nilichotaka kusema ni kwamba swali la mijusi lina jibu lake katika kitabu cha Ayubu, na watu hawalioni kwa sababu wanasoma mwanzo na mwisho tu, mali zilivyopotea na zilivyorudi. Katikati, kuanzia sura ya 38, Mungu anamjibu Ayubu aliyekuwa analia juu ya mateso yake, na hamtajii mateso hata kidogo. Anamuuliza kuhusu mvua inayonyesha kwenye nchi isiyo na mtu. Anamuuliza kuhusu punda-mwitu anayeucheka mji na kelele zake, mbuni anayeacha mayai mchangani, tai. Wanyama ambao Ayubu hawafugi, hawali, hawamhitaji. Mimi nasoma pale kwamba Mungu ana mambo anayoyafurahia ambayo hayapiti kwetu. Mijusi ya Tendaguru ingekaa vizuri kabisa kwenye sura ile.

Kuhusu kuhitaji, Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu hatumikiwi kwa mikono ya watu kana kwamba anahitaji kitu, maana yeye ndiye anayewapa wote uzima na pumzi (Matendo 17:25). Mume wangu ni Mkatoliki wa Ndanda, kanikalia hapa begani anataka niandike kwamba Mtaguso wa Vatikano wa 1870 ulifundisha hivyohivyo: Mungu hakuumba ili aongeze heri yake wala aipate, bali audhihirishe ukamilifu wake kwa mema anayowapa viumbe. Nimeandika, aniache.

Mchonga Mpingo:
Njomba, huku Newala wazee walikuwa na simulizi yao kabla ya vitabu vyote hivyo. Mwanzo kulikuwa na kiumbe mmoja porini, hajawa mtu sawasawa, haogi, hanyoi, yuko peke yake. Siku moja akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje ya makazi yake. Asubuhi akakuta imekuwa mwanamke. Wakaenda kuoga Ruvuma, wakazaa, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili akafa. Walipofika juu kabisa ya uwanda, wa tatu akaishi. Ndiyo sababu Wamakonde tuko juu na hatukai mabondeni.

Angalia lakini, mpweke pale ni mtu. Nimesikia wahubiri wanasema Mungu aliumba kwa sababu alikuwa mpweke anataka watoto. Hata wazee wetu hawakumpa Mungu upweke. Mimi nachonga, na zile kazi nzuri sichongi kwa kukosa kitu, mkono unakuwa umejaa. Naona kuumba ni hivyo.

Korosho Ghafi:
Mkono umejaa na bei ya mtalii umeiandika chini.

Mchonga Mpingo:
Hahaha, hapo ndipo nilipotofautiana na Mungu.

Huru wa Nachingwea:
Mimi siamini, niseme wazi ili msinitafute. Sitaki kumgeuza mtoto wa watu, ila mjomba umesema asidanganywe. Basi aambiwe pia kuwa wapo wanaoona dunia haina lengo na wanaishi vizuri na majirani zao. Halafu mnakwepa neno la malaika. Walisema damu. Huku kusini damu hatujaisoma vitabuni tu. Maji Maji ilikuwa 1905 hadi 1907, ikaja na njaa. Miaka miwili baadaye watu wa huku wanabeba mifupa ya mijusi vichwani hadi bandari ya Lindi, leo ile mikubwa imesimamishwa Berlin, mmoja una kimo cha zaidi ya mita 13. Mungu aliyeumba kwa wema alikuwa anaangalia yote hayo. Kijana akifika hapo mtamjibu nini?

Binti wa Masasi:
Kaka, hapo mimi sina la kukujibu, na wanaokuja na jibu la haraka siwaamini. Ayubu mwenyewe hakupewa sababu.

Mjomba wa Mchinga:
Wakuu, asanteni. Nimempa simu kasoma yote. Kacheka kwa Salfa Mbili, kwa Huru kakaa muda mrefu. Lile la malaika kuuliza bila kulaaniwa kamsomea mama yake kwa sauti. Dada amesema kusomewa kuko palepale, ila kwanza mnada wa korosho upite, hela hamna. Mimi naona tumepata nafasi.

Ila kaniachia jingine, naliandika alivyosema: "Kama ibada ni kwa faida yetu, si angetuacha tu bila kutuumba? Asiyekuwepo hana shida ya faida."

Mwalimu Pembeni:
Mlete Jumamosi baada ya adhuhuri, nipo barazani. Na mama yake aje kama ataweza, akae asikilize. Hilo la mwisho mwambie aliandike kwenye daftari vizuri, maana nimelizungusha kichwani tangu asubuhi na bado sijalimaliza.