Kupiga magoti wakati wa Komunyo: ni heshima au kujionyesha?

Mzee wa Mikindani
Tumsifu Yesu Kristo. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumapili. Parokia siitaji, padre wetu nampenda na sitaki aonekane mbaya. Misa ya pili, binti yangu wa miaka 16 alipofika mbele alipiga magoti akafungua mdomo apokee kwa ulimi. Mhudumu wa Komunyo, mama mtu mzima, akamwambia kwa sauti hadi sisi wa benchi la tano tukasikia: "Inuka binti, wazuia watu." Akainuka, akakinga mkono, akapokea. Alirudi macho mekundu, hakusema neno mpaka tunashuka matatu. Nawauliza wenye kujua: kumpigia Yesu magoti kumekuwa kosa tangu lini? Na aliyekatazwa afanyeje, atii au adai haki yake?

Katekista Mstaafu
Milele na milele, amina. Mzee, jibu lipo na ni fupi. Waraka wa Roma wa 2004, Redemptionis Sacramentum, kifungu cha 91: mwamini hanyimwi Komunyo eti kwa kuwa anataka kupokea akiwa amepiga magoti, au amesimama. Kifungu cha 92: kupokea kwa ulimi ni haki yake siku zote. Mkononi ni ruhusa, pale ambapo maaskofu wa nchi waliiomba na Roma ikaridhia. Mhudumu alikosea, aelezwe kwa upole, yaishe.

Abiria wa Feri
Hayajaisha, mwalimu. Wewe waongea sheria, mimi naongea foleni. Kwetu watu hujaa hadi nje chini ya mwarobaini, pangaboi sita na zinazozunguka ni mbili, halafu mtu ashuke chini ghafla, wa nyuma amkwae. Nimeona bibi akiyumba hivyo hivyo, akashikwa na mtu wa kwaya. Na tuambiane ukweli: wengi wa hawa wapiga magoti wa siku hizi ni vijana waliotazama video za Wamarekani wiki mbili, sasa wao ndio Wakatoliki na sisi wengine wasindikizaji.

Mzee wa Mikindani
Binti yangu hana simu. HANA. Hizo video za Wamarekani atazitazamia wapi, kwenye sufuria? Alifundishwa na nyanyake, mtu wa Bura kule Taita, aliyekua enzi ambazo kanisa zima lilipiga magoti na sikusikia hadithi ya bibi kuyumba.

Abiria wa Feri
Mzee, sikumtaja binti yako. Nimesema vijana. Nimerusha jiwe gizani, wewe ndiye umeguta.

Mzee wa Mikindani
Gizani? Umelirusha mchana kweupe, chini ya swali langu!

Msafisha Kanisa
Niwaambie kitu kisha mwendelee kurushiana mawe. Mimi nafagia kanisa kila Jumamosi, huu mwaka wa 11. Kabla ya Kwaresima nilikuwa napanga vitabu vya nyimbo, kimoja hakifungiki sawasawa. Nikakifungua. Hostia, ile kaki ya Komunyo, nzima, imejipinda kidogo ukingoni, imeshika wino wa ukurasa. Mtu alipokea mkononi, akaenda nayo benchi, akaiacha humo. Nilisimama tu, sijui dakika ngapi, ufagio bado uko kwapani. Halafu nikakifunga kile kitabu polepole nikakibeba kwa mikono miwili hadi kwa padre. Akaitia kwenye maji ikayeyuka, na yale maji yakamwagwa kwenye ile karai ya sakristia ambayo bomba lake linaingia ardhini moja kwa moja, si kwenye sinki. Sisemi kupokea mkononi ni dhambi, mimi mwenyewe nimepokea hivyo. Nasema tu, siku hizi nikiona mtu anatoka mbele amefumba kiganja, moyo hunipiga paa.

Nyota ya Tudor
Pole sana mama. Ila heshima tusianzie kwenye magoti, tuanzie mlangoni. Mavazi! Jumapili hii nimemwona yule wa zamu ya mlangoni akimfunga msichana leso kwa kuwa sketi imeishia juu ya goti. Sawa, kafanya vyema. Lakini leso yenyewe imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Mtoto wa watu akapita njia yote ya katikati kwenda kupokea, maandishi yametulia pale nyuma, kwaya nzima inasoma.

Mwana Kongowea
Wuui! Chai imenitoka puani. Kwaya ilishindwa kumaliza ubeti, nina hakika.

Muuza Leso
Kosa la msichana hapo ni lipi? Kosa ni la aliyenunua bila kusoma, na la aliyemfunga. Mimi niko Biashara Street, leso ndio kazi yangu. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Anayejua kuvaa huangalia jina kwanza, na kama halifai mahali anapokwenda hulikunjia ndani pale kiunoni, haichukui hata sekunde kumi. Kanisa likitaka leso za mlangoni zipo zenye majina ya kumshukuru Mungu, tele. Mje na idadi kamili, maana huuzwa doti, vipande viwili, sikati kimoja kimoja.

Nyota ya Tudor
Mama, hapa si dukani.

Muuza Leso
Wewe ndiye uliyeleta leso hapa. Mimi nimeikunjua tu.

Dada wa Bamburi
Samahani, mbona hiyo leso hufungwa wasichana peke yao? Jumapili mbili zilizopita jamaa amekuja kusoma somo la kwanza, SOMO LA KWANZA, amevaa jezi ya Arsenal, jina la mchezaji mgongoni kubwa kuliko hilo la Hasidi. Hakuna aliyemfunga kitu. Heshima ya nyumba ya Mungu inaishia kwenye magoti ya mabinti tu?

Mwana Kongowea
Arsenal wanahitaji maombi, mwacheni.

Abiria wa Feri
Hapo Dada nakuunga mkono, na si jambo la mara kwa mara.

Jirani wa Kibokoni
Mimi si wa dini yenu, nasoma tu maana binamu yangu ndiye alonitumia hii ya leso na mbavu zaniuma. Neno moja. Sisi msikitini twavua viatu, twatawadha, twaingia. Hakuna anosimama mlangoni na foleni ya leso. Adabu ya mtu hutoka nayo kwao.

Nyota ya Tudor
Ahsante jirani. Ndilo nililotaka kusema. Wenzetu wametushinda.

Abiria wa Feri
Haya, tumefika. Kila tukijadili ya kwetu lazima tupimwe kwa msikiti. Wametushinda nini? Mbona hamsemi yaliyotokea pale Fort Jesus 1698, Wakristo 300 waliouawa kwa kukataa kuiacha imani yao? Wale hawakuulizwa walivaa viatu gani.

Jirani wa Kibokoni
Yakhe! Mimi nimesema viatu, wewe washanipeleka vitani?

Katekista Mstaafu
Abiria, umechanganya. 1698 ni mwaka Wareno walipoipoteza ngome kwa Waomani. Mashahidi wa Mombasa ni Agosti 1631, na ni kweli huhesabiwa karibu 300, Wareno na Waafrika. Lakini ukiitaja hadithi itaje yote. Sultani Yusuf bin Hasan alipelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa hapa kutawala akiwa Mkristo. Akaja kugombana na kapteni wa ngome, mwisho akaasi. Aliyefanya lile tendo alikuwa amejua sala zetu zote. Mimi nilipokuwa nafundisha wanafunzi wa Kipaimara sikuwahi kuifundisha hadithi hiyo kama fimbo ya kumpigia jirani.

Abiria wa Feri
Nimekosea mwaka, sijakosea watu. Jirani, sikukukusudia wewe.

Jirani wa Kibokoni
Najua. Wewe huwa hukusudii mtu, tumeona hapo juu.

Mwana Kongowea
Hahaa, Mzee wa Mikindani amepata wakili kutoka Kibokoni.

Dada wa Bamburi
Turudi. Kwa mama anayefagia kanisa, na namheshimu sana: nionavyo mimi, kupokea mkononi si ulegevu wa juzi. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, karne ya 4, aliwafundisha waliobatizwa waufanye mkono wa kushoto kiti cha enzi cha mkono wa kulia, kwa kuwa unakwenda kumpokea Mfalme. Kwa hiyo tusiambiane kwamba ulimi ndio ukale na mkono ndio usasa.

Katekista Mstaafu
Umesema kweli, na usiishie hapo, binti yangu. Sirili huyo huyo, mistari michache mbele, anauliza: ungepewa vumbi la dhahabu mkononi, usingelishika kwa uangalifu wote lisidondoke hata chembe? Mkono aliousema yeye si huu wa kupokea huku unatafuta nafasi ya kupita. Na 1969 Roma ilipofungua mlango wa mkononi, ilifanya hivyo huku ikisema desturi ya ulimi ibaki. Kwa hiyo Msafisha Kanisa na wewe hamgombani, ingawa naona mngependa.

Msafisha Kanisa
Mimi sigombani na mtu. Nimesema nilichokiona kitabuni, na mpaka sasa hakuna aliyekijibu. Mmejibu leso.

Nyota ya Tudor
Kweli mama, hata mimi.

Abiria wa Feri
Mimi nitakijibu kwa upande wangu. Sote tunasema twaliamini fundisho la Kanisa. Haya, Kanisa lina utaratibu. Padre amemweka yule mhudumu pale. Amesema inuka, inuka. Huwezi kudai heshima kwa Mungu huku umemgomea aliyetumwa. Heshima isiyo na utii naiita kiburi kilichopiga magoti.

Mzee wa Mikindani
Mhudumu si Kanisa! Na binti yangu aliinuka. Alitii. Aliyegoma ni nani hapa?

Katekista Mstaafu
Abiria, hilo la kiburi umelisema vizuri na nusu yake nakubali, niliwahi kuwaona wa namna hiyo. Lakini utii wa Kikatoliki haukuambii uiache akili kwenye chombo cha maji ya baraka ukiingia, uichukue ukitoka. Waraka umesema anaruhusiwa, mhudumu amesema haruhusiwi. Akitii palepale ili asivuruge ibada, amefanya vyema. Baada ya Misa baba yake akienda kwa padre na kumweleza kwa heshima, amefanya vyema vilevile, na hiyo ni haki iliyoandikwa, kanuni ya 212 ya Sheria ya Kanisa, na inasema mara nyingine ni wajibu. Mbona hukwenda kwa padre, Mzee? Umekuja kwetu kwanza.

Mzee wa Mikindani
Nilitaka kwenda. Nilikuwa na hasira, nikaona nitamkosea adabu.

Mama wa Mikindani
Na mbona hujawaambia ya leso?

Mwana Kongowea
Ngoja. Ngoja kwanza. Leso IPI?

Mama wa Mikindani
Hiyo hiyo mnayoichekea tangu asubuhi. Alifungwa mlangoni, mwanangu. Sketi ni ya shule, amerefuka tangu Disemba na mpya hatujanunua. Baba yake alitangulia kushika benchi, hakuona. Mimi nilikuwa nyuma ya mtoto kwenye foleni. Alipopiga magoti lile fundo likaanza kulegea, leso ikamteleza, na yule mama mhudumu alikuwa anaitazama leso. Sijui kama ndiyo sababu alimwambia ainuke. Sijamuuliza. Lakini nilikuwa karibu nao kuliko wewe wa benchi la tano.

Mzee wa Mikindani
Hayo tungeyaongea nyumbani.

Mama wa Mikindani
Wewe ndiye uliyeyatoa nyumbani.

Abiria wa Feri
Kwa hiyo tumebishana juu ya Sirili na Sultani Yusuf, kumbe ni fundo la leso?

Mzee wa Mikindani
"Wazuia watu" ndiyo maneno yaliyosemwa. Hakusema "funga leso." Nayasikia hadi sasa.

Dada wa Bamburi
Huenda hakutaka kuitaja leso mbele ya watu. Mimi ningekuwa yeye ningetafuta neno lolote lile.

Msafisha Kanisa
Au alimwona anachelewesha tu. Mwamuulizia humu, na yeye Jumamosi huja kupanga maua. Mama, njoo saa tisa, utamkuta.

Nyota ya Tudor
Mama wa Mikindani, nisamehe. Nilicheka nikadhani ni mtoto wa watu.

Mama wa Mikindani
Ni mtoto wa watu. Sisi ndio watu wenyewe. Yamekwisha, mwanangu, ila naye ameyasoma yote haya, kupitia simu yangu. Nitakwenda hiyo Jumamosi, maana hata hivyo leso bado ninayo, nimeifua nikaikunja. Mwenyewe anasema harudi nayo mlangoni hata kwa dawa.

Mwana Kongowea
Mzee, si ulisema mtoto hana simu?

Mzee wa Mikindani
Hana. Ni ya mamake.

Muuza Leso
Mama, ukiirudisha fanya hisani uniulizie kitu pale mlangoni. Leso hununuliwa doti, na jina ni moja kwa vipande vyote viwili. Hicho cha pili, wamemfunga nani?